Njia Nyeupe ya Gari la Moshi

Pemba haijapata kuwa na reli hata siku moja. Ndiyo maana kila anayeingia katika kibanda changu cha useremala hapa Chake Chake, akaliona gari la moshi dogo limekaa juu ya meza, huniuliza swali lile lile: hili la wapi, Maalim? La Unguja, namjibu. Lilikuwa likienda Bububu. Vijana wengi husita kuniamini. Wamesoma skuli habari za reli ya Kigoma na ya TAZARA, lakini kwamba gari la moshi lilipita katika njia nyembamba za mji wa Unguja, likitoa moshi mbele ya milango ya watu, hilo hawajaambiwa na mtu.

Lilipita, na halikuwa la kwanza. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijijengea reli yake mwenyewe mwaka 1879, maili saba kutoka kasri lake la mjini hadi kasri la Chukwani. Mwanzo mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha moshi kutoka kampuni ya Bagnall ya Uingereza. Reli ile ilikuwa ya mfalme, raia waliitazama tu ikipita, na alipofariki ilikufa naye: njia ikang'olewa, kichwa kikaishia chuma chakavu.

Ya pili ndiyo iliyokuwa ya watu. Mwaka 1905, mwaka ule ule Wajerumani walipoanza kutandika reli ya kati kutoka Dar es Salaam, kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. ilifungua njia ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, kupitia Mtoni. Upana baina ya reli mbili ulikuwa inchi 36. Ngome Kongwe ya Forodhani ikafanywa depo. Mabehewa yalikuwa wazi ubavuni, safari zikiwa sita au saba kwa siku, na palikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa abiria wa meli waliotaka kwenda kuyaona mashamba. Bomba la gari lilirusha cheche, na cheche zikawasha moto kando ya njia zaidi ya mara moja. Wenye nyumba walilalamika. Lakini watu walilipanda.

Wanaotengeneza reli za mfano, huko Ulaya na Marekani ambako kazi hii ina wapenzi wengi, fedha yao huishia kwenye kichwa na mabehewa. Njia ya kupita watu na vibaraza vyake hutengenezwa mwisho, kwa mabaki ya fedha na mabaki ya hamu. Kwa reli ya Bububu mpango huo haufai, kwa sababu katika habari ya reli hii barabara ndiyo mhusika mkuu. Barabara ndiyo iliyoiua. Serikali iliinunua reli mwaka 1911, na tayari wakati huo barabara za kisiwa zilikuwa zimeanza kuwa nzuri kiasi cha watu kuuliza reli ni ya nini tena. Ilipofika 1922 gari lilikuwa limeacha kuchukua abiria. Likabakia kubeba mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari mpya ya Unguja. Mwaka 1928 likasimama kabisa na reli zikang'olewa. Gari lililokuwa likipakia watu lilimalizia maisha yake likipakia kifusi.

Kwa hiyo mimi nilianza na barabara, na gari likafuata baadaye. Nimefanya hivyo kwa gharama ndogo sana, na sisemi hivyo kwa kuona haya. Njia za visiwa hivi zilijengwa kwa vitu vilivyokuwa chini ya miguu ya watu: mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, udongo. Anayetengeneza mfano wake kwa vitu hivyo hivyo anafanya kazi ile ile iliyofanywa na wazee, kwa udogo tu.

Kipimo changu ni moja kwa hamsini. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana urefu wa sentimita tatu na kitu, upana wa reli unakuwa milimita 18, na njia ya mita tano inakuwa sentimita kumi. Njia nzima ya Bububu, maili saba, ingechukua mita 225, yaani ingetoka kibandani kwangu, ikavuka uwanja wa jirani na kuendelea. Meza yangu inabeba kipande cha mtaa tu: nyumba chache za ghorofa kila upande, maduka chini, reli katikati, na pale mtaa unapokunja kona, mnazi mmoja.

Kitu cha kwanza kinachowashangaza watu ni rangi. Mjukuu wangu alipokuja na wenzake wa skuli aliinamia meza akasema, "Babu, mbona barabara yako haina lami?"

"Lami ya nini, mjukuu wangu? Mwaka 1905 nani angeiweka?"

"Sasa wakipita wapi?"

"Juu ya mawe. Mawe meupe yaliyovunjwavunjwa."

Nimeona michoro na filamu zinazoonesha Unguja ya zamani yenye njia nyeusi, na kila nikiziona naudhika. Mwingereza Edgar Purnell Hooley alipata hataza ya kuchanganya lami na kokoto mwaka 1902, kwao huko, na kitu hicho hakikufika kwetu keshoye. Njia iliyotengenezwa vizuri siku hizo ilifuata mafundisho ya Mskoti John Loudon McAdam, aliyewaonesha watu mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba barabara haihitaji majabali chini yake. Kokoto ndogo zilizovunjwa na kushindiliwa, zikainuliwa kidogo katikati ili maji yateremke pande mbili, zinatosha. Kwao kokoto zilikuwa za jiwe gumu la kijivu. Kwetu jiwe lililopo ni la matumbawe. Likisagwa na magurudumu linakuwa unga, unga unapanda juu kiangazi, unakaa juu ya miguu ya punda, juu ya makuti, juu ya mitungi ya maji. Jua la saa sita likipiga njia ya namna hiyo, lazima ukunje macho. Mtaa wa zamani ulikuwa mweupe, na anayeutia weusi anaupaka wakati usiokuwa wake.

Basi nilivyofanya ni hivi. Juu ya plaiwudi, mabaki ya dari ya nyumba fulani, nilibandika karatasi ya mfuko wa saruji kwa gundi ya unga wa ngano. Karatasi ile ni nene, ina nyuzi, na inashika chokaa kuliko ubao mtupu. Katikati ya njia, chini ya karatasi, nililaza vipande vyembamba vya boksi la biskuti ili kupata ule mwinuko wa McAdam. Kwa kipimo changu mwinuko huo ni milimita mbili tu. Jicho haliuoni mpaka umwage maji kwa kijiko, hapo utaona yanavyogawana kwenda kulia na kushoto.

Kisha chokaa. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi, na chokaa aliijua kabla ya kuijua saruji. Katika utoto wangu yalikuwepo matanuu: magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa, na moshi wake unanusika mbali. Mawe yakishaiva yanamwagiwa maji, yanachemka yenyewe na kupasuka yakawa unga, halafu unga unafunikwa na kuachwa. Baba alikataa kabisa chokaa changa. Alisema chokaa isiyolala itakuja kulala ukutani, na ukuta ndio utakaoamka na nyufa. Mchanganyiko wake ulikuwa chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga ulioshwa kwanza kuondoa chumvi.

Nami nimetumia moja kwa tatu. Mchanga niliuchekecha kwa kitambaa cha shashi mpaka ukabaki ule laini kabisa, kwa sababu punje ya kawaida ya mchanga, ukiizidisha mara hamsini, ni jiwe la kumwangusha ng'ombe. Nikatia tone la gundi nyeupe ya maseremala katika maji. Nikatandaza unene wa ukucha, nikaacha ikauke kidogo, kisha nikaanza kupiga.

Hapa kwenye kupiga ndipo penye siri, na siri hiyo si yangu. Sakafu na dari za nyumba za mawe za pwani yetu zilitengenezwa kwa kupigwa. Wanawake walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha ubao, wakapiga chokaa na kokoto kwa mdundo wa nyimbo siku nyingi mfululizo mpaka maji yote yakapanda juu na sakafu ikafunga. Sakafu ya namna hiyo hukaa vizazi. Mimi nina kijiti cha mpera nilichokichonga bapa, upana wa kidole, na juu ya meza hiyo napiga polepole huku nikirashia maji kwa ncha za vidole. Ukiona maji yanatoka juu kwa ung'aro, umefika. Halafu nafunika kwa gunia bichi na kuiweka kivulini. Chokaa hukomaa kwa hewa na kwa subira. Ukiipeleka juani ikauke haraka, itapasuka vipande kama tope la mtoni wakati wa kiangazi.

Ikikomaa nasugua kwa msasa wa zamani, uliokwisha makali, kwenye mapito ya magurudumu tu. Hapo inakuwa laini na nyeupe zaidi. Pembeni naiacha na ukwaruzo wake, nanyunyiza jivu kidogo la kuni na udongo mwekundu wa Pemba uliosagwa, maana pembeni ya njia ndiko kunakokaa uchafu. Mbele ya duka moja nimetia doa la mafuta ya nazi. Duka lile ni la muuza mafuta, na muuza mafuta hakosi doa mlangoni.

Reli zenyewe ni vyuma vya miavuli mibovu. Mataruma ni njiti za makuti. Gari linasukumwa kwa kidole.

Vibaraza vilinichukua muda kuliko njia. Katika miji ya Ulaya, pembeni mwa barabara huwepo njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa, yenye ukingo wa jiwe, nayo ni mali ya mji. Miji yetu ya zamani ilipata kitu hicho kwa namna yake: baraza. Kila mwenye nyumba alijenga baraza lake mbele ya ukuta wake, la kukalia, la kuuzia vitu, la kupokelea mgeni asiyeingia ndani. Nyumba zikipakana, mabaraza nayo yanapakana. Masika maji yanapojaa njia, watu hupanda juu wakapita baraza hadi baraza, wakiwaomba radhi waliokaa. Kwa hiyo njia ya miguu ilijengwa na wenye nyumba, kila mmoja kwa fedha yake na kwa kimo chake, na serikali haikutoa senti. Ndiyo maana vibaraza havilingani. Nikiona mfano wa mtaa wa pwani wenye vibaraza vilivyonyooka mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho, najua aliyeutengeneza hakupata kuutembea mtaa huo.

Nimevikata vibaraza vyangu kwenye nyayo za ndara zilizochakaa. Mpira wa ndara hukatika vizuri kwa wembe, hauvimbi kwa maji, na kila nyumba ina pea moja isiyotakiwa. Kimo cha baraza la kweli ni nusu mita au kidogo zaidi, yaani kwangu sentimita moja au moja na ushee. Napaka gundi kwanza, nanyunyiza mchanga ili chokaa ipate pa kushika, ndipo naipaka chokaa laini tabaka mbili. Juu, pale watu wanapokaa, nasugua kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Baraza lililokaliwa miaka hamsini hung'aa kwa nguo za watu, na ung'aro huo haupo kwenye baraza jipya.

Sasa, kwa nini Pemba haikupata reli wakati karafuu zilikuwa kwetu? Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika kwa wingi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi. Mtu angedhani mzigo ule wote ungevutia reli kuja kwenye mashamba. Mimi jawabu langu ni bahari. Tazama ramani: Wete, Chake Chake na Mkoani, miji yote mitatu iko upande wa magharibi, na mikono ya bahari inaingia ndani ya ardhi karibu mpaka uvunguni mwa mashamba. Karafuu ilishuka bonde moja au mawili juu ya kichwa cha mtu au mgongo wa punda, ikakutana na jahazi, ikaenda forodhani Unguja. Mkono wa bahari wa Chake ukijaa maji ulikuwa barabara tosha, na ulipokupwa watu walisubiri. Hakuna kampuni ambayo ingetandika reli ishindane na maji yasiyolipiwa kodi.

Na ardhi yenyewe ni ya vilima na mabonde, kilima baada ya kilima, chini ya kila kimoja kijito au shamba la mpunga. Kila bonde lilitaka tuta na kalvati. Mawe ya kutengenezea njia yako zaidi upande wa mashariki, kuelekea Vitongoji, kwenye ardhi ya maweni. Huku katikati na magharibi ni udongo, na udongo wetu ukinyewa huteleza. Wazee walitia vifuu vya nazi, walitia kokoto za kuokota, walitia matawi, na masika iliyofuata wakatia tena. Kazi hiyo haikuandikwa popote. Barabara ya lami tunayopita leo kwenda Wete na Mkoani imekaa juu ya mabega ya watu hao.

Utaalamu wangu wa njia za bei rahisi, nikisema kweli, niliupata katika udongo huo kabla ya kumjua McAdam. Sisi watoto tulikuwa na magari ya makopo ya samaki, magurudumu ya ndara, usukani wa waya mrefu. Gari zuri bila barabara nzuri halikuwa na heshima, basi mvua ikikatika tulitoka kuchonga njia mlimani. Kifuu kilichonga, kifuu kingine kilishindilia, kokoto zilipangwa ukingoni, na chini ya njia tulipitisha kipande cha bua la mpapai ili maji yasiivunje. Aliyejua kupitisha maji ndiye aliyekuwa injinia. Watoto wa Chake wangali wanafanya hivyo, nimewaona juzi tu nyuma ya Madungu, ingawa sasa magari mengi ni ya plastiki ya dukani.

Hao ndio wanaonipa tamaa na kazi hii. Mtoto anayechonga njia yake mwenyewe, ukimwonesha mtaa wa 1905 uliojengwa kwa chokaa na ndara, haulizi maswali ya mgeni. Anainama, anatazama maji yanapita wapi. Mmoja wao aliniambia kwamba njia yangu haina mtaro upande wa mnazi, na kwamba maji yataingia kwenye duka la mwisho. Nikampa kisu, akachonga mtaro.

Mabaki ya reli ya Bububu yapo. Madaraja yake kadhaa na matuta yake yanaonekana ukienda Bububu kwa gari, kwa mwenye kujua pa kutazama, na hayo nayo yatakwenda barabara zikizidi kutanuliwa. Nawaomba wanaotanua barabara wayaache hata machache, na wayawekee kibao. Nanyi wasomaji, kama katika kabati la bibi au sanduku la babu imo picha ya mtaa wa zamani, ya Unguja au ya Pemba, msiitupe kwa kuwa haina mtu mnayemjua. Tazameni chini, kwenye njia na vibaraza. Ipelekeni Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani wainakili, au hapa kwetu Makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome ya Chake Chake, na andikeni nyuma yake kwa penseli: mtaa gani, mwaka gani, nani kasema.